Modeli ya tabianchi: kompyuta inavyochunguza mabadiliko ya ghafla ya zama za barafu

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayoigiza dunia kwa hesabu. Bahari, hewa, barafu na nchi kavu hugawanywa vipande vipande, kila kipande kikapewa joto lake, unyevu au chumvi yake, na mwendo wake. Kisha kanuni za fizikia hutumika kukokotoa kiasi cha joto na maji ambacho kila kipande kinampa jirani yake, hatua kwa hatua, hadi zipite karne nyingi za kuigiza. Haitafuti hali ya hewa ya siku fulani. Nahodha wa Lamu hawezi kukuambia upepo wa Jumanne ijayo utakuwa na nguvu gani, ila anajua kusi hushika miezi gani na kaskazi hurudi lini. Ujuzi wa aina hii ya pili ndio tabianchi, na ndio modeli inaoutafuta.

Kwa nini kuipeleka hadi zama za barafu? Kwa sababu ya yaliyopatikana Greenland. Mwaka 1992 watafiti wa Ulaya walimaliza kuchimba huko nguzo ya barafu yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, tabaka juu ya tabaka za theluji ya kale. Joto la zamani husomwa humo kwa kupima aina mbili za oksijeni, nzito na nyepesi, ambazo uwiano wake hubadilika pamoja na joto. Kipimo cha jamii hiyohiyo kimewahi kufanywa hapa kwetu: tumbawe moja la Malindi lilitoa kumbukumbu ya bahari ya miaka 194, iliyochapishwa mwaka 2000.

Barafu ya Greenland ilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kipindi cha mwisho cha barafu kilidumu tangu takriban miaka 115,000 iliyopita hadi miaka 11,700 iliyopita, na ndani yake joto la huko lilipanda ghafla zaidi ya mara 20. Mara nyingi lilipanda nyuzi 8 hadi 16 katika miongo michache tu, yaani ndani ya umri wa mtu mmoja. Baada ya hapo lilishuka taratibu kwa karne kadhaa au zaidi, halafu likaporomoka. Matukio haya huitwa ya Dansgaard-Oeschger, kwa heshima ya Willi Dansgaard wa Denmark na Hans Oeschger wa Uswisi.

Mzunguko wa dunia kulizunguka jua hubadilika kwa makumi ya maelfu ya miaka, kwa hiyo hauwezi kueleza mruko wa miaka thelathini. Barafu inasema nini kilitokea, haisemi kwa nini. Hapo ndipo modeli inapokuwa na kazi: unaumba dunia mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja unaibadilisha kitu kimoja tu, halafu unatazama zinapoachana.

Mshukiwa mkuu ni mkondo wa Atlantiki. Maji ya joto yenye chumvi hupanda kaskazini, huko hupoa, huwa mazito, huzama, na kurudi kusini kupitia vilindini. Yakija maji mengi yasiyo na chumvi, kama ya barafu inayoyeyuka, hayazami. Anayetaka kuona sababu aende mdomo wa mto Sabaki baada ya mvua: maji mekundu ya mto hutanda juu ya bahari na kusafiri mbali kabla ya kuchanganyika, kwa kuwa maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi. Kule Atlantiki tandiko kama hilo huzuia uzamaji, joto la kusini likakoma kufika, na barafu ya bahari ikatanda. Mkondo ukianza tena, joto hurudi kwa ghafla.

Mwaka 1961 mtaalamu wa bahari Henry Stommel alilipigia hesabu jambo hili kwa modeli ya visanduku viwili tu vya maji. Alikuta kwamba mkondo unaweza kukaa katika hali mbili tofauti, mazingira yakiwa yaleyale. Kwangu hili ndilo kiini cha somo zima. Jahazi huinama kadiri upepo unavyozidi, na upepo ukipungua linasimama. Likishapinduka, upepo kupungua hakuliinui tena. Mwaka 1988 Syukuro Manabe na Ronald Stouffer walipata hali hizo mbili katika modeli kubwa yenye bahari na anga pamoja. Manabe alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Majaribio mengi ya modeli yaliyofuata yalimwaga maji yasiyo na chumvi kwa makusudi katika bahari ya kuigiza, kwa mfano mita za ujazo 100,000 kwa sekunde, karibu nusu ya mto Amazon. Mkondo ulilegea kweli, na pepo za msimu za Bahari ya Arabuni zikadhoofika. Mashapo yaliyotolewa chini ya bahari hiyo, karibu na Pakistan, yana alama zinazoendana na zile za Greenland. Pepo hizo ni mwendelezo wa kusi yetu baada ya kuvuka ikweta.

Lakini kumwaga maji ni kama kumpa mwanafunzi jibu. Ndiyo maana kazi ya karibuni inanivutia zaidi: baadhi ya modeli, zikipewa hewa ukaa ya kiwango cha kati cha zama za barafu, huonyesha joto likipanda na kushuka lenyewe bila mtu kuongeza tone la maji.

Zina upungufu. Kuigiza maelfu ya miaka hulazimu vipande vikubwa, mara nyingi vya kilomita mia na zaidi kila upande. Kwa ukubwa huo Lamu, Manda na Pate hazipo kabisa, na mawingu hukadiriwa tu.

Swali hili halijabaki la kale. Mkondo wa Atlantiki hupimwa kwa vyombo tangu 2004, na ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ilisema kuna uwezekano mkubwa sana kwamba utadhoofika karne hii, ila kwa uhakika wa wastani tu kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100. Baadhi ya watafiti wanashuku kuwa modeli nyingi ni tulivu kupita kiasi. Njia mojawapo ya kujua ni kuichukua modeli ileile inayotabiri 2100, kuipa mazingira ya miaka 40,000 iliyopita, na kuona kama itaruka jinsi Greenland ilivyoruka.