Taarifa za Mwanafunzi na Mtumishi Chuoni: Nani Anastahili Kuziona?

Mtu anapodahiliwa chuo kikuu hukabidhi sehemu kubwa ya maisha yake kwa watu asiowajua: namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, majina ya wazazi na kazi zao, akaunti ya benki, fomu ya uchunguzi wa afya. Mtumishi naye, tangu siku anaporipoti kazini, hufunguliwa jalada litakalobeba mshahara wake, makato ya mikopo, barua za onyo na vyeti vya ugonjwa. Wote wawili huzitoa taarifa hizo kwa sababu hawana njia nyingine ya kusoma au kuajiriwa, na ndiyo maana wajibu wa kuzitunza ni mzito.

Kwa Tanzania, wajibu huo umo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalofahamika, zitumike kwa lengo hilo, wala zisizidi kinachohitajika. Taarifa za afya, miamala ya fedha na alama za vidole zimo katika kundi la taarifa nyeti, zenye masharti makali zaidi.

Wengi wakisikia kwamba taarifa zimevuja humfikiria mdukuzi. Wadukuzi wapo, lakini mimi nayahofia zaidi mazoea yetu wenyewe. Mhadhiri anamaliza kusahihisha, anamtumia mwakilishi wa darasa faili lenye majina na alama za wote, naye analirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya jioni, aliyefeli amekwisha kupigiwa simu za pole na watu ambao hakuwaambia lolote. Kufuta majina na kuacha namba za usajili hakumfichi mtu, kwa kuwa namba hizo hizo zimo kwenye karatasi ya mahudhurio inayopita mkono kwa mkono darasani, jina likiwa pembeni yake. Kila mwanafunzi aingie kwenye mfumo wa chuo kwa nywila yake, aone matokeo yake peke yake.

Karatasi nazo zina hatari yake. Zikiuzwa kwa kilo badala ya kuchanwa au kuteketezwa, huishia kufungia karanga barabarani, jina na alama za mtu zikisomeka vizuri.

Suala gumu zaidi ni la wazazi. Baba aliyeuza mazao ili alipe ada anapopiga simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, ni vigumu kumwambia kwamba hawezi kujibiwa, na namwelewa karani anayeona kufanya hivyo ni utovu wa adabu. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, matokeo ni yake, na sauti ya kwenye simu haithibitishi kwamba anayeuliza ni baba kweli. Jibu la heshima ni kumweleza mzazi kwamba chuo kitampa taarifa hizo mtoto akiridhia kwa maandishi.

Kwa upande wa watumishi, jalada la siri halipaswi kutoka masijala bila kusainiwa, na anayelichukua awe na kazi nalo. Cheo peke yake hakitoshi. Mkuu wa idara anahitaji kujua kwamba mwalimu atakuwa likizo ya ugonjwa kwa wiki mbili ili ampange mwingine afundishe. Jina la ugonjwa halimsaidii kupanga ratiba. Kadhalika, ofisa anayempa mwenzake nywila ili "amalizie kazi" anaifanya kumbukumbu ya mfumo ionyeshe jina lake kwa mambo asiyoyafanya.

Mwanafunzi au mtumishi ana haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazotunzwa na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Aanze kwa barua kwa chuo, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiporidhika, apeleke malalamiko pamoja na nakala hiyo kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.