Kima hahesabiwi kwa vituko

"Kima punju hutumia sehemu kubwa ya siku kucheza na kugombana." Sentensi hii imerudi tena, mara hii kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na imepambwa kwa grafu ya rangi. Si kweli. Kima punju, kima mwekundu wa Zanzibar, ni mla majani; tumbo lake lina vyumba, chakula kinachacha humo polepole, na mwenyewe hana budi kukaa kitako. Shinda msitu wa Jozani, Unguja, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana: utakachokiona zaidi ni migongo myekundu imetulia matawini na mikia inaning'inia. Mwenye ripoti hakudanganya. Aliandika kila kilichomvutia, na anayesinzia hamvutii mtu.

Kuandika kinachokuvutia kunafaa siku za mwanzo, unapojifunza kundi: nani dume, nani ana kovu mdomoni, nani mkia umepinda. Hakutoi asilimia. Jeanne Altmann, mtafiti wa tabia za wanyama, aliyapanga haya vizuri mwaka 1974, na wanafunzi humtaja kwenye utangulizi kisha wakaenda kufanya kinyume chake.

Ukitaka asilimia, weka saa ilie kila dakika 10. Ikilia, anza kushoto uende kulia, kima mmoja baada ya mwingine, uandike anachofanya pale jicho linapomfikia: anakula, amepumzika, anatembea, anamchambua mwenzake manyoya, anachambuliwa, anacheza, mengineyo. Maliza ndani ya dakika 2, huo ni mzunguko mmoja, na usubiri saa ilie tena. Tumia penseli, wino na mvua havipatani. Tuseme umeona 20: 13 wamepumzika, 5 wanakula, 1 anatembea, 1 anacheza. Mchezo ni asilimia 5 ya mzunguko huo, hata kama huyo mmoja alibembea hadi watalii wakampigia makofi.

Sasa utelezi wenyewe. Jicho limemfikia kima aliyelala, na mwangalizi anaona haya kuandika "amepumzika" mara ya kumi na tatu. Anamngoja kidogo. Kima anajikuna, na yeye haraka anaandika "anajikuna". Kajikuna kweli, lakini jicho lilipomfikia alikuwa amelala! Sekunde tatu nne za kungoja, mara 20, kila mzunguko, na kundi zima limegeuka kuwa la wachangamfu. Sichoki kulisema hili na halichoki kutokea.

Hata ukiwa mkali hivyo, shaka inabaki. Anayetikisa tawi huonekana. Aliyejikunja ndani ya majani ya mkungu hurukwa. Vitabu husema "rekodi wote wanaoonekana" kana kwamba kuonekana ni bahati nasibu. Dawa kamili haipo. Badilisha pa kusimama baina ya mizunguko, na kila mzunguko andika umeona wangapi kati ya wangapi. Kundi likiwa na 30 na wewe daima unaona 12, msomaji aambiwe. Na 12 waliolala pamoja mchana si ushahidi 12 unaojitegemea, wanafuatana.

Ukimfuata kima mmoja kwa dakika 15, mchague kwenye orodha kabla hujainua darubini. Akipotea andika "haonekani", usimbadilishe. Ugomvi wa sekunde 3 una safu yake pembeni, kila tukio na saa yake, na hauingii kwenye asilimia za mizunguko.

Mkulima naye huhesabu kwa vituko, ila yeye namwelewa, minazi ni yake. Akimwona kima punju ameshika kidaka, yaani nazi changa, kwake hiyo ni nazi moja imekwenda. Watafiti Siex na Struhsaker walipopima uliwaji na mavuno karibu na Jozani, matokeo yaliyochapishwa 1999 yalikwenda kinyume: penye vidaka vilivyoliwa zaidi, mavuno ya mwisho yalielekea kuwa makubwa. Huenda kima anaupunguzia mnazi mzigo, maana vidaka vingi huanguka vyenyewe. Lakini bado najiuliza kama kima hachagui tu mnazi wenye nguvu. Uwiano peke yake hauamui.

Karatasi iandike mwili, isiandike nia. "Ameokota mkaa, ametafuna" inatosha. Kwamba mkaa huenda unanasa sumu za majani ya mkungu na mwembe ni hoja ya baadaye, si ya jedwali. Meno nje nayo si kicheko. Kwa makaka, kima wa jamii nyingine, mara nyingi ni kumnyenyekea mwenye nguvu. Andika meno yameonekana, na nani alikuwa karibu.

Kwenye bustani ya wanyama huna tatizo la majani, una tatizo la saa ya kulishwa. Mnyama anayekwenda na kurudi nusu saa kabla ya ndoo kufika si yule wa saa mbili baadaye. Kila mzunguko andika saa, muda uliobaki kabla ya chakula, na idadi ya watu mbele ya kizuizi.

Kabla ya kukusanya chochote, wawili waangalie kima wale wale kwa wakati mmoja bila kuchunguliana. Hapo huja mtu anajisifu: "Tumekubaliana asilimia 80!" Kila mmoja akiandika "amepumzika" mara 8 kati ya 10 huku amefumba macho, watakubaliana asilimia 68 kwa bahati tu: 0.8 mara 0.8, ongeza 0.2 mara 0.2. Kokotoa kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano, inaiondoa bahati hiyo. Kisha tazama safu mnazotofautiana. Mara nyingi ni "amepumzika" dhidi ya "anachambuliwa", kwa sababu anayechambuliwa hulala chali kama maiti na mikono ya mwenzake imefichwa na tawi. Kubalianeni hapo hapo: mikono isipoonekana, ni "amepumzika".