Kabla ya Daftari: Jinsi Mtoto wa Miaka Mitatu Hadi Mitano Anavyojifunza Nyumbani

Kila Septemba, mwaka wa shule unapoanza, wazazi wa Bukavu wenye watoto wa miaka mitatu au minne hutuuliza sisi tunaowaandaa walimu wa awali ni maternele (shule ya awali) ipi itakayomfanya mtoto ajue kuandika upesi. Swali hilo lina sababu zake. Hapa Kongo elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini maternele nyingi bado hulipiwa, na mzazi anayetoa pesa hutaka kuona kitu kwenye daftari. Tatizo ni kwamba safu ya herufi zilizonakiliwa haitwambii lolote kuhusu yale ambayo mtoto wa umri huu anayajenga hasa: lugha, uelewa wa idadi, uwezo wa kungoja zamu yake na wepesi wa vidole.

Tuangalie idadi. Mtoto wa miaka mitatu huweza kutaja namba kutoka moja hadi kumi bila kukosea, kama anayeimba, na majirani wakampigia makofi. Sasa mpangie sambaza sita, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani, umwambie awahesabu. Atawagusa mmoja mmoja mpaka wa sita. Mwulize: "Kwa hiyo wako wangapi?" Wengi wa umri huo hawajibu "sita", bali huanza upya: moja, mbili, tatu. Hawajafahamu bado kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya samaki wote walio mbele yao. Kwa watoto wengi ufahamu huo hukomaa karibu na umri wa miaka minne, na hauletwi na kukariri. Huletwa na kuombwa vitu mara kwa mara, wakati mama anachambua maharagwe au dada anaandaa chakula: "Nipe manne makubwa", "Tumeweka sahani tatu, na baba amefika, tuongeze moja, sasa ziko ngapi?" Akileta tano badala ya nne, asikaripiwe, zihesabiwe tena pamoja naye. (Kazi hiyo ifanyiwe mbali na mbabula (jiko la makaa) na sufuria ya maji ya moto, maana jikoni hufundisha lakini pia huunguza.)

Lugha nayo hukua kwa kujibiwa. Mtoto akinyoosha kidole na kusema "gari", anayemjibu "ee" amemsikia tu, lakini anayemwambia "Ndiyo, gari limejaa makaa, linapanda kwenda Kadutu, unadhani litafika bila kusimama?" amempa maneno mapya, sentensi ndefu zaidi na sababu ya kufikiri. Hapa tunaona jambo linalotusikitisha: wazazi wanaoacha kabisa kuzungumza Kiswahili au Mashi, lugha ya Bashi wa hapa, na mtoto, wakitumia Kifaransa ambacho wao wenyewe hawakimudu vizuri, ili asichelewe shuleni. Mtoto wa namna hiyo huambiwa amri fupi mchana kutwa na hadithi hakuna. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 yenyewe inazitambua lugha za taifa na za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia, Kifaransa kikiwa lugha ya shule. Zungumza naye lugha unayoweza kusimulia, kutania na kuuliza kwayo. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango humfanya afikiri, na mchezo wa kupiga makofi kwa kila silabi ya ma-ha-ra-gwe, humzoeza kusikia vipande vya sauti ndani ya neno, na uwezo huo ndio atakaoutegemea siku atakapofundishwa kusoma.

Simu haijibu hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka mitatu na minne wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, walale saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana, na wawe katika mwendo kwa jumla ya angalau dakika 180, kukimbia na kuruka kukiwemo. Katika nyumba zetu zilizobanana mitelemkoni, uwanja si rahisi kupatikana, lakini kamba ya kuruka haihitaji nafasi kubwa.

Mzazi anayetafuta maternele na aingie darasani asikilize. Je, watoto wanazungumza, au mwalimu peke yake? Je, kuna vitu vya kushika, hata kama ni vifuniko vya chupa na udongo wa kufinyanga, au ni madaftari tu?

Iko hali moja isiyofaa kusubiri. Mtoto wa miaka mitatu asiyeunganisha maneno mawili au matatu, anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, au asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Maambukizi ya sikio yanayojirudia hupunguza usikivu polepole, na watoto wengi wa aina hiyo huitwa wakaidi nyumbani na wajinga shuleni kabla ya mtu yeyote kuwachungulia masikioni.