STEM si chumba cha kompyuta

Wiki hii nimelisikia tena: "Shule yetu sasa ina STEM, tumeletewa kompyuta ishirini." Aliyesema ni mwalimu mwenye bidii kweli, na furaha yake niliielewa. Lakini neno limetumika visivyo, na hasara yake huwafikia wanafunzi.

STEM ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Katika elimu, ni kuyafundisha hayo manne yakishirikiana.

Jina limetoka Marekani. Miaka ya 1990 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo ulitumia SMET, herufi zilezile kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2001 Judith Ramaley, mwanabiolojia aliyeongoza kitengo cha elimu cha wakfu huo, akazipanga upya kwa sababu SMET haikumpendeza sikioni. Kwa hiyo wanaoeleza kwamba STEM ni "shina la maarifa", kwa kuwa neno la Kiingereza la shina linaandikwa hivyo, wanapamba tu.

Herufi ninayoisikitikia ni E, ya uhandisi, kwa kuwa ndiyo husahaulika kwanza. Waajemi walikuwa na neno andaza, yaani kipimo. Waarabu wakapata handasa, ambalo kwao ni jiometri na pia uhandisi, na mwenye kazi hiyo wakamwita muhandis. Lilipofika kwetu, ile mu- ya Kiarabu ikakutana na kiambishi chetu cha watu, neno likatulia kana kwamba lilizaliwa humu: mhandisi, wahandisi, uhandisi. Kupima kumebaki ndani yake. Mhandisi ana mzigo wa kiasi fulani, vifaa vya kiasi fulani, muda wa kiasi fulani, na kitu lazima kisimame.

Chukua karatasi moja ya kuandikia. Ilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana upana wa kiganja, kisha weka kalamu katikati. Inabonyea. Sasa ikunje mikunjo myembamba ya kwenda na kurudi, kama upepeo, mikunjo ielekee kutoka kitabu hadi kitabu. Itabeba kalamu ile, na kifutio juu yake. Karatasi haikuongezeka uzito. Imepata kimo, na chenye kimo hakipindi upesi. Kueleza hivyo ni sayansi. Kukokotoa upana wa kila mkunjo ni hisabati. Kupewa karatasi moja tu, ukajaribu, ikaanguka, ukarekebisha, huo ni uhandisi. Na karatasi yenyewe ni teknolojia, kongwe kuliko umeme.

Kompyuta zina faida kubwa, sikatai. PhET, majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yaliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, hutumika bure, na yapo pia yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiunganisha nyaya na betri humo ili aone taa ikiwaka, amejifunza sayansi. Mwambie: washa taa tatu kwa betri moja, na moja ikiungua zile mbili zisizimike. Hapo ndipo uhandisi unapoingia.

Hasara niliyoitaja ni hii: nimemwona mwanafunzi anayependa takwimu akilipita tangazo la ufadhili wa STEM, akidhani ni la watu wa kompyuta. Takwimu ni hisabati, lilikuwa lake. Wafadhili hutofautiana, wapo wanaohesabu kilimo au udaktari na wapo wasiohesabu, kwa hiyo orodha ya fani isomwe hadi mwisho kabla ya kukata tamaa.

Nawe mwalimu wangu, sema "tumeletewa kompyuta". Ni habari njema jinsi ilivyo. STEM nadhani mlikuwa nayo tangu siku ile mlipowapa watoto kamba na vijiti wapime kimo cha mti bila kuupanda.