Kwa Nini Lami Huachana na Kokoto Mvua Ikinyesha

Masika yakianza, mashimo hufumuka katika barabara za Nairobi na wengi hulaumu wembamba wa lami. Mara nyingine ni kweli. Lakini okota kipande kilichong'oka, ukivunje: ukikuta kokoto zimebaki uchi, kilichoshindwa ni mshiko.

Lami ni masalio mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli na dizeli kutolewa. Ndani yake mna asfaltini, molekuli kubwa zenye salfa, naitrojeni na oksijeni. Sehemu hizo zina chaji ndogo za umeme, na ndizo hunata kwenye jiwe. Hunata hata kwenye chuma, ndiyo maana huziba mabomba ya visima vya mafuta.

Shida ni kwamba jiwe lenye silika nyingi (madini yaliyojaa kwenye mchanga) huvuta maji kuliko linavyovuta mafuta. Maji yakipata upenyo hujipenyeza chini ya lami na kuibandua, huku matairi yakiyashindilia zaidi. Jiwe la chokaa hushika vizuri, ila machimbo ya Nairobi hutoa zaidi miamba ya volkano kama fonolaiti, kwa hiyo usikisie, pima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Paka gramu 250 hivi za kokoto kavu kwa lami ya moto, ziache zipoe kiasi, kisha zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 10. Engua lami inayoelea kabla ya kumwaga maji, la sivyo itazipaka kokoto upya na kukudanganya. Zitandaze juu ya karatasi nyeupe. Lami ikiwa imebaki kwenye chini ya asilimia 95 ya uso wa kokoto, mchanganyiko huo usiende barabarani.

Kabla ya kununua dawa yoyote ya kuongeza mshiko, osha vumbi la kokoto: lami hushika vumbi badala ya jiwe. Kisha ongeza chokaa iliyozimwa (unga wa chokaa iliyokwisha kutiwa maji), asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto, nazo zikiwa na unyevu kidogo, halafu zikaushwe. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo tiba ya kuaminika. Amini ya kimiminika, kemikali inayochanganywa ndani ya lami ili ishike jiwe, kwa kawaida asilimia 0.3 hadi 0.5 ya uzito wa lami, ni nyepesi kutumia, lakini hupoteza nguvu lami ikikaa siku kadhaa kwenye tangi la moto. Itiwe siku ya kazi.