Kiwanja Kikavu Septemba? Chimba Kwanza

Dalali anayeijua kazi yake hakupeleki bondeni mwezi wa Aprili. Atakupeleka Septemba, nyasi zimefyekwa, bikoni zinang'aa, na ukiuliza habari za maji atakuonyesha vumbi lililojaa kwenye viatu vyako. Masika ndiyo yatakayokuambia ukweli: choo cha shimo kinajaa maji kutoka chini, na unyevu unapanda ukutani hadi usawa wa dirisha.

Sisi tunaoshughulika na udongo vumbi halituambii kitu. Tunachimba, tujue kama kiwanja ni ardhioevu, yaani ardhi inayojaa maji muda wote au kwa msimu. Kwa kuanzia, chepe na chupa ya maji vinatosha. Chagua sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, chimba kina cha nusu mita hivi, kisha toa donge zima kwenye ukuta wa shimo. Kama ni kavu, linyunyizie maji, maana udongo mkavu hupauka na rangi yake hudanganya. Halafu limege kwa mkono. Usitumie kisu, kitapaka rangi moja juu ya nyingine.

Unachotafuta ni chuma. Wekundu na hudhurungi wa udongo mwingi ni chuma kilichoshika kutu, kama bati kuukuu. Udongo ukijaa maji, hewa inakosa njia. Vijidudu vya udongoni humaliza oksijeni iliyobaki, kisha hukigeukia chuma hicho ili viendelee kuishi. Chuma huyeyuka na kuhama na maji, udongo unabaki kijivu, pengine wenye ubluu au ukijani kwa mbali. Maji yakishuka, hewa hurudi kupitia nyufa na njia za mizizi, na chuma hushika kutu tena hapo hapo inapopita. Ndiyo maana donge la ardhioevu likimegwa huonyesha kijivu chenye madoa ya rangi ya chungwa, na mara nyingi tundu la mzizi limezungukwa na utando mwekundu, mfano wa bomba dogo lenye kutu. Nikiukuta utando huo kwenye mzizi ulio hai, maelezo ya muuzaji siyahitaji tena. Matete na mafunjo hufyekwa kwa siku moja, rangi haifyekwi.

Mtaalamu atalinganisha donge na kitabu cha rangi cha Munsell, na atapima rangi hizo zinaanzia wapi. Zikiwa ndani ya sentimita 30 za juu, ni dalili nzito. Kijivu kinachoanzia mita moja chini ni habari nyingine: huenda pale juu si ardhioevu, ingawa kwa choo cha shimo bado una tatizo. Na shimo likitoa harufu ya mayai viza, hasa karibu na mikoko, udongo huo umekosa hewa kweli kweli.

Mitego ipo. Udongo mweusi wa mbuga huficha madoa ndani ya weusi wake. Kichanga cheupe cha pwani kinaweza kuwa hakikuwa na chuma tangu mwanzo, hivyo kupauka kwake si ushahidi. Bonde lililokwisha kaushwa kwa mitaro huhifadhi rangi zake za zamani. Madoa ya namna hiyo mara nyingi yana kingo kali, ilhali yanayoendelea kujijenga hufifia pembeni. Na kifusi, jamani! Ukikuta vipande vya tofali, endelea kuchimba mpaka uufikie udongo wenyewe. Kwa sababu hizi hatuamui kwa rangi peke yake. Tunatazama udongo, mimea na mwenendo wa maji kwa pamoja.

Kwa Tanzania, hili si suala la ukuta na choo tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhioevu miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka masharti ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe. Karatasi ya mauziano haivifuti vifungu hivyo.

Kabla hujalifukia shimo, kaa kivulini kama nusu saa. Tazama kama maji yanachuruzika kutoka pembeni, upime yanasimama kina gani. Kisha rudi kwenye donge lako. Lile la kijivu likiwa limeanza kugeuka hudhurungi, chuma chake kilikuwa hakijaonana na hewa muda mrefu.