Taharuki inategemea umekalishwa kwenye macho ya nani: tuitazame Rear Window

Darasani kwetu, tunakofundisha kuediti filamu, kuna swali haliishi, kwanini muvi ya zamani isiyo na milipuko wala magari kufukuzana inakubana kifua kuliko nyingi za sasa hivi, na wengi wanajibu haraka kwamba ni muziki au ni uigizaji. Mimi huwa nasema tuanze na macho kwanza. Unaangalia kwa macho ya nani?

Chukua Rear Window, muvi ya mwongozaji Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, mhariri wake George Tomasini, huyu huyu aliyekuja kuediti Psycho na The Birds. Steringi ni mpiga picha anaitwa Jeff (James Stewart), kavunjika mguu, uko kwenye plasta, yuko kwenye kiti cha magurudumu chumbani kwake New York, joto kali, majirani wameacha madirisha wazi na yeye kutwa anachungulia. Kamera karibu muda wote haitoki humo chumbani, kwa hiyo asichokiona Jeff na wewe hukioni, watu wa ng'ambo ya ua unasikia sauti zao juu juu tu kama anavyosikia yeye.

Shoti zenyewe, yaani vipande vya picha, zinapangwa tatu tatu: Jeff anatazama, unaonyeshwa anachokiona, unarudishwa kwenye sura yake. Basi. Mwongozaji mmoja Mrusi, Lev Kuleshov, alishalionyesha hili miaka mingi kabla, uso ule ule wa mwigizaji ukiuweka jirani na sahani ya supu watu wanaona njaa, ukiuweka jirani na jeneza wanaona huzuni. Kwenye Rear Window kimbwa kinashushwa ghorofani ndani ya kikapu, Jeff anatabasamu, unamwona mtu mpole, lakini tabasamu hilo hilo ukilibandika baada ya dirisha la binti anayevaa nguo ungemwona mtu wa hovyo kabisa, na uso haujabadilika hata kidogo.

Sasa kuna sehemu naipenda kuliko zote na watu wengi inawapita. Jeff anamshuku jirani yake, Thorwald, kwamba kamuua mkewe, maana kamwona usiku wa mvua akitoka na kurudi na sanduku zaidi ya mara moja. Baadaye Jeff anapitiwa na usingizi, na kamera inaendelea kuangalia yenyewe, tunamwona Thorwald anatoka na mwanamke aliyevaa nyeusi! Jeff hajaona, sisi tumeona. Kuanzia hapo kila Jeff anaposema yule mama kauawa unabaki na kitu moyoni, si nimemwona akitoka? Shoti fupi tu hiyo lakini imekufanya usimwamini steringi wako mwenyewe kwa muda mrefu.

Afu mchezo unageuzwa. Lisa, mpenzi wa Jeff, anaingia kwa Thorwald kutafuta ushahidi, na dirisha moja linamwonyesha yuko ndani wakati lingine linamwonyesha Thorwald anakuja koridoni, Lisa hajui, Jeff anajua, wewe unajua, na hakuna wa kuinuka kwenye kiti. Hitchcock angeweza kukata akatupeleka ndani kule tukaona sura ya Lisa kwa karibu, asingekosea kwa sheria za kawaida, ila ule unyonge wa kuangalia kwa mbali mtu wako anakabwa ungekufa hapo hapo.

Polisi wanapofika Lisa anaweka mikono nyuma, anamwonyesha Jeff kwa kidole pete ya ndoa ya mke wa Thorwald aliyoivaa yeye, Thorwald anauona mkono, anainua kichwa taratibu kufuata unakoelekea, na anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Anamtazama Jeff, anakutazama na wewe. Muvi nzima ulikuwa mchunguliaji, sasa umeonekana.

Mwisho Thorwald anakuja mwenyewe chumbani, gizani, anauliza unataka nini kwangu, Jeff hana jibu, anawasha taa za flashi za kamera kumpofusha, na hapo ndo mhariri anatupeleka ndani ya macho ya Thorwald, tunaona rangi ya chungwa inatanda kila kitu mbele yake. Mtu tuliyekuwa tunamchungulia tangu mwanzo, tumepofuka pamoja naye.